Maradufu

Nahesabu kwa Kiswahili.
Miaka kumi na minne katika maabara hii ya Southampton
na Kiingereza cha hesabu bado hunitoroka nikivuka thelathini,
basi midomo hunicheza kimya juu ya hadubini:
thelathini na moja, thelathini na mbili,
kromosomu zimelala kama kucha zilizokatwa,
mpaka arobaini na sita. Hapo mtu huishia.

Jumanne hii sikuishia.
Nikadhani ni seli mbili zimelaliana.
Nikasogeza kioo. Nyingine, vilevile. Sitini. Themanini.
Tisini na mbili.
Seli ilikuwa imegawa mali yote mafungu mawili,
imefunga mizigo,
kisha mlangoni ikaghairi kuachana
ikabaki na vyote, urithi wa nyumba mbili chini ya paa moja.

Kwenye kibandiko hakuna jina. Namba,
na tarehe ya kuzaliwa: 29 Februari 1948.

Len Pothecary, jirani yangu wa bustani kule Hythe,
hujitapa kwamba ana miaka kumi na tisa,
maana siku yake huja mara moja kwa miaka minne.
Wapo wengi waliozaliwa siku hiyo, nilijiambia.
Nikaandika ripoti. Kiapo ni kiapo.

Yeye ndiye aliyenionyesha nyasi zile
nyuma ya gati, maji yakiwa yamekupwa.
Babu yake aliyakumbuka matope haya yakiwa uchi.
Mengine niliyasoma mwenyewe:

Alikuja na shehena
mgeni asiye jina,
wenyeji wakamuona
nyasi ya kawaida tu.

Akamuoa jirani
hapohapo matopeni;
mwana, hana mbegu ndani,
ni majani matupu tu.

Kila uzi ukaita,
mwenzi ukamtafuta,
na jibu haukupata
isipokuwa kimya tu.

Kisha, mwaka ambao hakuna aliyeuandika,
seli moja ya yule tasa ilighairi mlangoni.
Kila uzi ukageuka, ukamkuta pacha wake amesimama.
Ikachanua. Ikatoa mbegu.
Ikala pwani yote hadi kule moto wa kiwanda cha mafuta unapowaka usiku.

Kosa lilelile.
Nimelizungusha kichwani kama kokwa mdomoni
na sijapata upande wake laini.

Nilipata kumwambia Len kwamba viazi vyake vina seti nne,
na stroberi zake, zile anazozifunika wavu kwa wivu, seti nane.
Akacheka hadi akaegemea toroli.
“Kumbe mimi nakula umati!”
Hakuniuliza yeye ana ngapi.
Siku hiyo ningemjibu bila kufikiri: mbili, Len,
moja ya mama, moja ya baba, kama sisi sote.

Mimi nilijua Jumanne. Yeye aliambiwa Ijumaa.
Jumamosi nilimkuta anachimba,
taratibu, anapumzika kila baada ya shina.
“Uboho,” akasema, akijigonga nyonga na mpini wa uma.
“Wanasema kuna kitu kimezidi.”
Akanitazama kidogo kupita ilivyo kawaida yake.
Nikainama, nikashika ndoo.

Udongo ulikuwa baridi japo ni Julai.
Tukawa tunatoa viazi, mimi natia, yeye anahesabu,
maana Kiswahili changu cha midomo alikidaka zamani:
moja, mbili, tatu, lafudhi ya Hampshire,
nane ikitoka “nani”,
kila kiazi kikiulizwa ni nani.

Tisa. Kumi.
Hapo ndipo elimu yake huishia, siku zote.
Kwenye kiganja kimoja kikubwa, chenye tope kwenye mistari.

“Baada ya kumi,” akasema, “kuna nini?”

Kumi na moja, nikamwambia.
Kumi na mbili.
Akarudia. Nikamsubiri.
Ndoo ilikuwa bado haijafika nusu.